Maji Aliyosema Bibi ni Baridi

Kila jioni bibi alikuwa akifunika cherehani yake, anajinyoosha mgongo, kisha anaita kwa sauti ya kubembeleza, "Mke mwenzangu! Njoo, miguu yangu inakulilia huku!"

Aliyeitwa alikuwa mjukuu wake, msichana wa darasa la sita aliyebandikwa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Chiriku aliacha hesabu zake mezani na kukimbilia beseni. Si beseni la kufulia, la hasha! Lilikuwa beseni la umeme la kukandia miguu, lenye vinundu vya kusugua nyayo na kitufe cha kupasha maji. Mjomba ndiye aliyemletea bibi, mama yake. Bibi alishinda kutwa akikanyaga cherehani ya miguu, akishona sare za wanafunzi, na kila siku alilalamika kwamba nyayo zinamfa ganzi. Nyumba nzima ilisema ni uchovu tu.

Mama yake Chiriku alikuwa na sharti moja. "Hiki chombo kinapasha maji mpaka kiasi chake, basi. Marufuku kuongeza maji ya birika. Umenisikia, Chiriku?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Tatizo lilikuwa bibi mwenyewe. Mama akiwa bado dukani kwake, bibi alitumbukiza miguu, akakunja uso na kusema, "Maji gani haya? Ya kumwogeshea mtoto mchanga? Hebu nitilie ya birika kidogo. Mama yako haoni." Na Chiriku angembishia vipi bibi yake? Alitia kidogo. Kesho yake akatia zaidi, na keshokutwa zaidi tena. Ikawa siri yao wawili, nao waliifurahia kweli kweli.

Jioni moja birika lilikuwa ndiyo kwanza limetoka jikoni. Chiriku alimimina huku akisimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyofundisha kipindi kizima akiwa ameketisha miwani kichwani na kuitafuta mezani. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ongeza, mwanangu, usinibanie," alisema akijifuta macho.

"Bado tu, bibi?"

"Baridi! Ongeza!"

Chiriku akaongeza. Bibi akaendelea kucheka, na katika kucheka huko mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ukamponyoka mapajani ukatumbukia majini. Chiriku akaingiza mkono kuuokota.

"Mamaaa!"

Aliuchomoa mkono kama aliyeumwa na nyuki. Vidole vilikuwa vyekundu, vinawaka moto. Akamtazama bibi. Bibi naye alimtazama, miguu yote miwili imo mle mle majini, kicheko hakijamwisha usoni.

"Umefanyaje tena wewe?" bibi akauliza.

Chiriku alipiga magoti, akaikamata miguu ya bibi na kuiinua. Loo! Ngozi ya juu ya miguu ilikuwa imeiva, malengelenge yametuna. Bibi aliinama akaitazama miguu ile kama vile ni ya mtu mwingine.

Ndipo mama akaingia. Mfuko ukamdondoka mlangoni. "Yarabi! Nani amefanya hivi?"

Chiriku alifungua mdomo, lakini bibi alimwahi. "Ni hiki chombo. Kimezidisha moto, nami nilikuwa nimesinzia." Kisha akamkonyeza mjukuu wake.

"Eti, Chiriku?"

"Ndiyo, mama," alisema Chiriku akitazama chini. "Ni chombo."

Mama hakupoteza muda. Aliimwagia miguu maji safi ya bomba kwa muda mrefu, akaifunika kwa kitambaa safi, na huku wakingoja gari la jirani alimpigia mjomba simu. "Kaka, umetuletea beseni au jiko?" alifoka. "Umemchoma mama!" Chiriku alisikia sauti ya mjomba ikitetemeka simuni, akaona aibu tele.

Hospitalini daktari alisafisha majeraha ya juu ya miguu na kuyapaka dawa. "Bibi, maji yalipokuchoma hukushtuka?"

"Nilisinzia, mwanangu. Si unajua usingizi wa wazee?"

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika dawa za kwenda nazo nyumbani. Mama akasimama kuchukua mkoba.

Chiriku alitazama vidole vyake. Viligusa maji yale kufumba na kufumbua, na bado vilikuwa vinamuuma. Bibi alikaa mle hadithi nzima, tena akicheka! Mtu mzima wa afya hawezi. Kuna jambo, na daktari hajaambiwa. Akisema, mama atakuwa mkali na bibi ataonekana mwongo mbele ya watu. Asiposema?

"Daktari, bibi hakusinzia."

"Chiriku!" bibi akamkemea.

"Hakusinzia! Alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyemimina maji ya birika, yanachemka, naye akawa anasema baridi. Kila siku anasema baridi!"

Daktari aliweka kalamu chini, akarudi kitandani taratibu.

"Bibi, fumba macho. Nitakugusa vidole vya miguu. Ukisikia, sema 'hapo'."

Alichukua uzi mgumu wa nailoni, akagusa kidole ambacho hakikuungua. Kimya. Akagusa kingine, akakandamiza mpaka uzi ukapinda. Kimya. Akahamia mguu wa pili. Chiriku alimwomba Mungu bibi aseme "hapo", hata mara moja tu.

Bibi alikuwa amefumba macho, mikono ameilaza mapajani. Mwishowe akasema kwa adabu, "Nakungoja, daktari. Utaanza lini?"

Mama akajifunika uso. Daktari aliinua mguu wa kulia, akaumulika kwa tochi chini ya kisigino, katikati ya magaga. Palikuwa na kitundu cheusi kinachotoa usaha. Akaingiza kikoleo kidogo, akavuta. Kilitoka kipande cha sindano ya cherehani.

"Hii imo humu tangu lini, bibi?"

"Ipi?" akauliza bibi, macho bado ameyafumba.

Chiriku akaangua kilio.

Bibi alipimwa damu, sukari ikakutwa juu mno. Daktari aliwaeleza kwamba ni kisukari, na kwamba kilikuwa kimeua hisia za miguu polepole. Ganzi ile haikuwa uchovu hata kidogo. "Ningewaruhusu mwende nyumbani na dawa ya kuungua," alisema, "na hiki kidonda kingeoza kimya kimya. Mngerudi tukazungumza habari ya kuukata mguu." Akamgeukia Chiriku. "Mgonjwa wa kisukari hakandwi miguu kwa maji ya moto. Anaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, na anayeyapima kwa kiwiko ni mtu mwingine, si yeye. Na mtu akikuuliza, sema kilichotokea. Mimi natibu ninachoambiwa."

Mama alimwinua Chiriku kidevu. "Kwa lile birika nimekasirika, na tutazungumza nyumbani. Kwa kusema kweli, nakushukuru. Sasa nimpigie mjomba wako nimwombe radhi, maskini."

Bibi alilazwa. Alipigana na vidonda vile kwa muda, akajifunza kula kwa mpango na kumeza dawa kwa wakati, mpaka siku ilipofika bandeji ya mwisho ikafunguliwa. Miguu ilikuwa na makovu, lakini ilikuwa miwili, nayo ilikanyaga sakafu.

Alimvuta mjukuu wake karibu. "Nilipokukonyeza siku ile nilitaka usichapwe. Ulinikatalia mbele ya daktari, nikakununia usiku kucha. Sasa nisikilize vizuri. Nikikukonyeza tena ili tudanganye, nikatalie tena, hata nikinuna mwaka mzima. Uongo wangu ulikuwa wa mapenzi, mjukuu wangu, lakini ungenikata mguu vilevile."