Zoezi la Kuporomoka

Kufuli lilikuwa zima, kabati liko wazi, na lililokosekana ni faili moja tu.

Inspekta alilikagua kabati asubuhi hiyo katika ofisi ya shule ya urubani. Faili lilikuwa la mkunga mmoja wa zahanati, ambaye saa nne angefanya mtihani wa leseni angani. Bila faili, mtahini hapandi ndege.

"Miaka mitatu najinyima," mkunga alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo ndiyo leo, halafu hivi!"

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na mwalimu wake," alijibu mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi.

Mwalimu alikuwa dirishani. Kwa uangalifu wake wanafunzi walimwita Polepole.

Alama za vidole hazikusaidia, maana wote hufungua kabati hilo kila siku. Inspekta akaomba daftari la safari, ambalo mwanafunzi hukaa nalo mwenyewe. Zoezi la kuporomoka lilitiwa saini mara moja, tarehe kumi na mbili.

"Ndilo zoezi gani?"

"Unainua pua mpaka mbawa zishindwe kuibeba ndege," mkuu alieleza. "Inaporomoka, unaiokoa. Mtahini lazima alione."

Inspekta akaenda karakana kuulizia tarehe hiyo, akarudi mbio.

"Dada, tarehe kumi na mbili injini ya ndege yenu ilikuwa mezani kwa mafundi. Mliruka na nini?"

"Hatukuruka. Mwalimu alinichorea ubaoni, akasema inatosha."

Wote wakamgeukia Polepole.

"Faili liko kwenye buti la gari langu," alisema. "Mwaka jana niliporomoka na mwanafunzi, tukaponea chupuchupu. Tangu hapo zoezi hilo naliogopa. Nikatia saini ya uongo. Jana nilipoona jina lake kwenye ratiba, nikajua namtuma akafe. Kusema ukweli nilishindwa. Kuiba nikaweza."

Mkunga alimwendea. Inspekta alijiandaa kuamua ugomvi.

"Umenidanganya, na imeniuma sana," mkunga alisema, akamshika mikono yote miwili. "Lakini ungenyamaza tu, saa nne ningekuwa juu, sijui kitu. Nina watoto wawili, mwalimu. Asante. Asante sana."

Polepole akalia bila kujificha.

"Saa nne iko palepale," mkuu akamwambia mkunga. "Mtihani hakuna. Nakuporomosha mwenyewe mpaka uzoee."

"Kiti cha nyuma kina mtu?" Polepole aliuliza, akijifuta machozi.

Inspekta akafunga daftari lake.

"Nenda," alisema. "Maelezo yako nitaandika mkishuka."