Dirisha Lenye Taulo

Taulo lilikuwa linadondosha maji. Hamida aliliona kabla ya kitu kingine chochote. Lilikuwa la njano, limeanikwa kwenye dirisha la ghorofa ya tatu.

"Chumba ni kile pale," alisema Jabiri dalali, akinyoosha kidole kupitia uzio. "Hosteli ya chuo, jengo jipya la serikali. Chumba kizima kitupu, kitanda kinamsubiri Lulu. Mama yangu, umeridhika?"

"Nimeridhika, baba," alijibu Bi Mauwa, mama yake Hamida.

Hamida alijiuliza: chumba kitupu, taulo la nani? Lakini hakusema. Hakuwa msemaji. Hata wateja wake wa mihogo kule nyumbani Goba walizoea kuonesha kwa kidole, naye akawafungia.

Lulu, mdogo wake, alikuwa amepata chuo. Wiki nzima walitafuta chumba cha kupanga. Kila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chuo kingefunguliwa Jumatatu, na bila pa kulala Lulu angekaa nyumbani mwaka mzima. Ndipo alipotokea Jabiri. Mama akampa hela ya kuoneshwa chumba, kama ilivyo desturi ya madalali. Wakaoneshwa dirisha.

Kesho yake Jabiri alifika nyumbani kwao kufuata fedha ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamida, mpe bahasha."

Hamida aliikumbatia bahasha kifuani. "Sitoi."

"Unasemaje?"

"Taulo lilikuwa bichi, mama. Mle anaishi mtu."

Jabiri alicheka. "Sista, taulo tu? Watu wamepanga foleni, mie nawahurumia nyie. Lete nikamalize hiyo ishu."

"Sitoi, hata ukikaa hapa mpaka magharibi."

"Mtoto gani mkaidi huyu!" mama alifoka. "Unataka mwenzio akose chuo?"

Sauti zilimtoa Sekela, mpangaji wa chumba cha pili, mwiko mkononi. Sekela alifanya kazi mapokezi kwenye chuo kimoja mjini.

"Kaka, vitanda vya chuo umeanza kuviuza lini?" aliuliza.

"Usiingilie riziki ya mtu."

"Riziki gani? Serikali imejenga hosteli zile ili wanafunzi wapumue na kodi za mitaani. Bei yake imepangwa, na ni nafuu. Hakuna dalali pale." Akamgeukia Lulu. "Wewe uliomba kitanda chuoni?"

Lulu aliinamisha uso. "Sikuomba. Nilisikia ni vya watoto wa wakubwa."

"Nani kakwambia? Anaomba mwanafunzi mwenyewe, kwenye tovuti ya chuo, hata kwa simu. Ukipata nafasi, chuo kinakupa namba ya malipo. Unalipa kwa namba hiyo, benki au kwenye simu. Fedha haipiti mkononi mwa mtu. Akija mtu anataka umkabidhi taslimu, jua huyo ni mwizi."

"Na vitanda vikiisha?" mama aliuliza, sauti imeshuka.

"Jina linaingia kwenye orodha ya kusubiri. Huku ukisubiri, uliza chuoni kama wana orodha ya hosteli za watu binafsi walizozikagua. Usipange chumba ambacho hujaingia ndani ukakiona."

Jabiri alianza kurudi nyuma taratibu. Hamida akamtangulia mlangoni. Akasimama katikati ya mlango.

"Hela yetu ya kuoneshwa," alisema.

"Si niliwaonesha?"

"Ulituonesha taulo. Irudishe, au twende wote kwa mwenyekiti wa mtaa."

Majirani waliojaa uani waliangua kicheko. "Dalali wa mataulo!" mmoja alipiga kelele. Jabiri aliitupa hela kwenye beseni la mihogo, akatoka bila kuaga.

Mchana uleule Lulu aliomba kwenye simu ya Sekela. Jibu lilikuja: asubiri. Jumatatu alianza chuo akitokea Goba. Kila siku alirudi amechoka, hamu ya kula hana.

"Ungempa tu yule dalali," mama alinung'unika.

"Kesho nakwenda chuoni mwenyewe," Hamida alijibu.

Alikwenda kweli. Alisimama mbele ya dirisha la ofisi ya malazi mpaka akaelezwa jina la Lulu ni la ngapi kwenye orodha. Akaenda tena wiki iliyofuata. Siku ya kumi na mbili tangu aombe, Lulu alipata ujumbe: kitanda kimepatikana, na namba ya malipo hii hapa. Hamida alilipa kwa simu yake, akisoma tarakimu moja moja kwa sauti.

Jumamosi walimpeleka. Safari hii walipita getini, wakapanda ngazi, wakaingia chumbani. Lulu alikalia kitanda chake, akawa akirukaruka juu yake kama mtoto. Mlezi wa hosteli, Mama Monica, aliwakaribisha.

"Hongera, mama. Na huyu mkubwa anasoma wapi?"

"Huyu?" mama alicheka. "Huyu aliikataa shule mwenyewe, darasa la tano."

Hamida alilitua begi sakafuni.

"Sikuikataa, mama. Mlipohamia Dar mkaniacha Masasi nimalize shule. Kwa mjomba sikuwa na pa kulala. Nililala jikoni, kwenye moshi, nikawa nasinzia darasani mpaka nikashindwa kuendelea. Shule nilikuwa naipenda."