Nyumba ya Kumi na Moja Bondeni

Zamani za Wadachi, ndio Wajerumani, bendera yao ilipokuwa ikipepea kule Usumbura na askari wao wakipita ufukweni na mizigo yao, hapakuwa na nyumba iliyojaa watu kama nyumba ya Mzee Feruzi. Ilikuwa kusini ya Rumonge, karibu na msitu wa Kigwena, mahali ambapo kijito hushuka kutoka milimani na kuingia ziwani. Ukipita hapo alasiri usikaribishwe kula, basi ujue ulipita umefumba macho na kuziba masikio.

Aliyekaribisha ni Zena, binti yake wa miaka kumi na miwili. Kila siku shangazi yake, Sikujua, alipoepua chungu cha wali na kumimina mawese kwenye sombe ya majani ya muhogo, Zena alisimama mlangoni, akaweka viganja mdomoni, akaita, "Karibuni chakulaaa!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Wavuvi waliokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani walicheka, wakasema mtoto huyu amemeza ngoma. Mama yake alikwisha kufariki, na watu walisema sauti hiyo ndiyo urithi aliomwachia.

Sauti hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Miaka hiyo watu wengi walivuka ziwa kutoka ng'ambo, wakikimbia kazi ya kulazimishwa ya kugema mpira. Walifika na mikeka, watoto na kuku wawili watatu, wakauliza kwa Feruzi. Naye hakumkataa mtu. Aliwalaza siku tatu, na siku ya nne aliwapa mahali pa kujenga kwa desturi aliyoikuta kwa baba yake: mgeni hujenga pale anaposikia akiitwa kula. Zena aliita kutoka mlangoni, na mgeni akaenda mbali akisikiliza. Pale sauti ilipomwishia ndipo ulipokuwa mpaka. Ndani ya mpaka huo alichagua mwenyewe.

Na kila mgeni alichagua bonde. Nani angechagua mlima wenye mawe, wakati bondeni udongo ulikuwa mweusi na laini, nguzo zinaingia bila jasho na maji yako mlangoni? Lakini udongo huo ndio uliokuwa shamba la mpunga. Nyumba ya kwanza, ya Mbaraka, ilichukua pembe tu. Ya tano ilichukua vitalu vya miche. Ilipofika ya kumi, shamba lilikuwa limebaki vipande vipande kama kanga iliyoliwa na panya.

Shangazi Sikujua alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye habari ya kila nyumba, anayejua nani kamnunia nani na kwa sababu gani. Lakini neno hili hakulipeleka kisimani. Alimwambia kaka yake mwenyewe, ana kwa ana, huku akipepeta mchele.

"Kaka, mwaka juzi ghala lilijaa. Mwaka jana lilifika kiunoni. Mwaka huu nikiingia ndani nasikia mwangwi."

"Unataka niwafukuze wageni?"

"Nataka uwapeleke kwenye mawe. Mawe hayaoti mpunga."

Sifa ya ukarimu ilikuwa tamu kwa Feruzi kuliko asali ya nyuki wadogo. Mwisho alisema kwamba mgeni atakayefuata, kama sauti ya Zena itafika kule kwenye mawe, atajenga kwenye mawe. Isipofika, hatamtupa mtu mahali asipoweza kuitwa.

Mgeni aliyefuata alikuwa Amissi, mtu mpole asiyeongea sana, mwenye makovu ya viboko mgongoni. Alikuja na mkewe na binti yao Mariyamu, rika la Zena. Siku tatu wasichana hao walilala mkeka mmoja. Mariyamu alijua kuigiza kila mtu: mwendo wa askari, kikohozi cha Mbaraka, hata Shangazi Sikujua akisema "mimi si mtu wa kusengenya" kabla ya kusengenya. Zena, ambaye hakuwa na ndugu wa kike, alijiona ameokota dada.

Siku ya nne Amissi alipanda mlima mpaka kwenye mawe, akasimama. Feruzi akamwambia binti yake, "Ita kwa nguvu zako zote, mwanangu."

Zena aliutazama ule mlima. Njia yake ilikuwa na miiba na nyoka, na Shangazi hakumruhusu kwenda huko peke yake. Mariyamu akijenga kule watachota maji saa ngapi pamoja? Akaweka viganja mdomoni, akafungua kinywa chote, akakaza mishipa ya shingo ili baba yake aone. Lakini pumzi aliibana kooni. Kilichotoka kilikuwa sauti ya kifaranga.

Kule juu Amissi aliinua mkono na kuutikisa. Hakusikia kitu.

"Basi," alisema Feruzi. "Atajenga bondeni."

Shangazi alimtazama Zena, akamwuliza kama ana mafua. Zena akasema ndiyo, koo linamwasha.

Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kando ya mfereji ulioleta maji ya kijito shambani na kuyatoa kwenda ziwani. Amissi aliusogeza na kuubana kwa mawe ili apate sakafu. Nyumba ya kumi na moja ikasimama. Wasichana wakachota maji pamoja, wakacheka pamoja, na kwa miezi mitatu Zena hakukumbuka kama aliwahi kudanganya.

Kisha mvua za masika zikaja. Kijito kilijaa, kikashuka na kukuta njia yake imezibwa, kikatafuta nyingine. Kilipita kwenye miche ya mpunga, kikaing'oa yote na kuipeleka ziwani. Maji yalisimama baina ya nyumba yakifika magotini. Mihogo ikaoza ardhini, na ukiing'oa inanuka. Shangazi alikoroga uji mwepesi hata ungeweza kuona kitako cha chungu. Ndagala zilizopatikana hazikuwa na pa kuanikwa, maana wenye nyumba zilizoingia maji walikuwa wamelala mchangani na vyombo vyao. Watoto waliharisha. Wawili walizikwa wiki moja, na waliowabeba walitembea polepole, si kwa heshima tu, bali kwa njaa.

Zena hakuitwa tena kusimama mlangoni. Angewaita watu waje kula nini?

Njaa ikishaingia hutafuta wa kulaumiwa. Mbaraka, aliyekula kwa Feruzi miaka mitano, alianza kusema kwamba bonde lilikuwa zima mpaka ilipokuja nyumba ya kumi na moja. Wengine wakapokea. Mkewe Amissi akifika kwenye maji wanawake walinyamaza. Mariyamu aliacha kuigiza watu. Siku moja alimwambia Zena, "Baba anasema afadhali viboko vya watu usiowajua kuliko kununiwa na majirani."

Maneno hayo yalimchoma Zena. Alijua ng'ambo kuna nini, alikuwa ameuona mgongo wa Amissi. Alijua pia kwamba neno lake moja lingeiondoa lawama juu ya nyumba ile. Mara tatu alimfuata baba yake aseme. Mara ya kwanza alikuta watu. Mara ya pili baba alikuwa anaswali. Mara ya tatu hakukuwa na mtu wala sala, ni ulimi tu uliokataa, akauliza kama achanje kuni.

Asubuhi ya Ijumaa aliamka akakuta nyumba ya kumi na moja imefagiwa. Mlango ulikuwa umeegeshwa vizuri, kama afanyavyo mtu anayeazima na kurudisha. Alikimbia mpaka mchangani. Mtumbwi ulikuwa mbali, vichwa vitatu na kuku mmoja. Akaona kwamba akiwa pale chini hawatamsikia, na bila kufikiri miiba wala nyoka akapanda mlima mpaka kwenye mawe, akageukia ziwa. Alitaka kuita jina la Mariyamu. Lakini kilichotoka kilikuwa mwito uleule ambao kinywa chake kiliuzoea.

"Karibuni chakulaaa!"

Mtumbwi haukugeuka. Zena akaita tena, na tena, mpaka sauti ikapasuka.

Alipotazama chini, aliona watu wa nyumba zote kumi wakitoka, wa majumbani na wa mchangani. Walitoka haraka, wengine wakivuta watoto kwa mkono. Walikuwa wameshika bakuli.

Walikuja mpaka mlangoni kwa Feruzi, wakasimama katika matope, wakatazama jiko lisilo na moto. Mtoto wa Mbaraka aliinua bakuli lake kidogo, kisha mama yake akamshusha mkono.

Feruzi alitazama juu kwenye mawe, akamwona binti yake. Watu walisema baadaye kwamba hapo ndipo alipozeeka.

Zena aliposhuka, miguu inavuja damu, baba yake alimwuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe inafika?"

"Inafika, Baba. Ilifika siku zote. Siku ile niliibana. Nilitaka Mariyamu awe karibu."

Alisema mbele ya wote, akangoja kofi. Halikuja. Mbaraka aliinamisha kichwa. Feruzi alikaa kizingitini, akashika magoti yake.

"Wewe ulidanganya siku moja," alisema. "Mimi nilijidanganya miaka mitano. Kila mgeni nilimpa kipande cha chakula chake mwenyewe, nikaita ukarimu."

Akainuka, akang'oa mlango wa nyumba yake, akaubeba mgongoni na kupanda nao mlimani. Hapo watu walielewa bila kuhubiriwa. Mgeni hujenga pale anaposikia mlango wa mwenyeji ukiita, na sasa mlango ulikuwa kwenye mawe.

Kuhama kulichukua mwezi mzima, watu wakifanya kazi na matumbo matupu, wakila mizizi ya msituni na samaki wachache. Chini ya mlima walipanda mstari wa michikichi, wakakubaliana kwamba kutoka mstari huo kushuka bondeni hapajengwi nyumba tena, ya mgeni wala ya mwenyeji. Mchanga wa kuanikia ndagala uliachwa wazi. Kule juu walipima njia kwanza, kisha viwanja, wakaacha vingine kwa ajili ya watoto ambao siku moja wangeoa. Mfereji ulizibuliwa, nao Zena alishika jembe kila siku mpaka viganja vikawa vigumu kama vya mtu mzima.

Mpunga wa mwaka uliofuata ulikuwa wa manjano, mfupi. Udongo uliokanyagwa kuwa sakafu hausahau upesi. Wa mwaka wa pili ndio uliozaa, si wa kujaza ghala, wa kutosha tu. Siku walipopika wali wa kwanza, Shangazi Sikujua alimwita Zena kando ya chungu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na maneno mengi.

"Mwanangu, uongo wako ulikuwa mdogo, lakini uliuweka palepale maji yanapopita. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, utasema kweli na wa kuisikia hayupo. Na jambo la pili, hili ni letu wakubwa, nawe utalirithi: kabla ya kumpa mtu mahali pa kulala, mwulize jembe litalala wapi. Nyumba hukaa popote. Mpunga haukai juu ya jiwe."

"Mariyamu atarudi, Shangazi?"

Shangazi alikuwa na habari za kila mtu wa ufukwe mzima, kutoka Nyanza mpaka Gitaza. Safari hii alikoroga chungu tu.

Kiwanja kimoja kule juu, cha jirani na Feruzi, hakikujengwa. Wageni wengine walikuja, wakaonyeshwa vingine. Na kila alasiri Zena alisimama mlangoni juu ya mawe akaita, watu wakaja na bakuli zao, safari hii zikarudi zimejaa. Yeye alikuwa wa mwisho kuingia. Alibaki kidogo nje, akilitazama ziwa, akisikiliza kama kuna atakayeitika.