Udongo Mweusi wa Bi Creuza

Kila asubuhi, kabla boti ya shule haijapiga honi mtoni, Ivanilde alifagia uwanja. Alikusanya majani ya mkorosho, magamba ya samaki na maganda ya muhogo, akayarundika pembeni na kuyatia kiberiti.

"Usiuache moto uwake kama wa sherehe, mjukuu wangu," Bibi Filó alimwambia kutoka jikoni. "Ufunike na udongo ufuke polepole. Tunataka mkaa, hatutaki jivu."

"Sawa, bibi."

Lakini moto uliwaka mpaka takataka zikawa jivu jeupe, kwa sababu akili ya Ivanilde haikuwa pale. Ilikuwa kwenye maneno ya baba yake. Evandro alikuwa amefyeka msitu, akachoma na kupanda, na kwa misimu miwili tu shamba likachoka. Mvua za bonde la mto Arapiuns ziliosha rutuba yote, na muhogo sasa ulitoka mwembamba kama vidole. Alitaka wahamie mjini Santarém, kwa shemeji yake.

"Udongo huu umekufa, mama," alimwambia Bibi Filó. "Nionyesheni boga moja tu lililoiva hapa kabla mwaka haujaisha. Tukilikosa, tunafunga virago."

"Mtafunga nyinyi," bibi alijibu. "Mimi sing'oki."

Hakuwa akitania. Ivanilde aliogopa sana, maana hakujua angeishije mjini bila bibi yake.

Walianza kurundika mboji pamoja, yeye na bibi: maganda ya muhogo, samadi ya kuku, majani mabichi na makavu, na mkaa uliopondwa. Bibi alisema itachukua miezi mitatu. Miezi mitatu! Na miche ya maboga aliyoipanda Ivanilde ilikuwa tayari imegeuka manjano.

"Lundo lenu linanuka," rafiki yake Rosenda alimtania kwenye boti. "Basi mjini mtakuwa mnanunua maboga dukani, kama mabwana wakubwa."

Ivanilde hakucheka. Alikuwa anatazama kilima cha Bi Creuza, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, ambako udongo ulikuwa mweusi tititi na mapapai yalikuwa manene. Watu walisema ni udongo wa watu wa kale. Walisema pia kwamba wenyewe hawajaondoka.

Siku iliyofuata akachukua jembe na gunia, akaenda saa sita mchana. Ni saa ambayo kwao hakuna anayetembea vichakani, kwa kuwa ndiyo saa ya vivuli vya wafu. Kwa hiyo hakuna ambaye angemwona.

Kilimani palikuwa kimya. Hata nyenje walikuwa wamenyamaza. Ivanilde alichimba chini ya mpapai, na udongo ukaingia guniani laini na wenye uvuguvugu. Kila alipoinama alihisi mtu amesimama nyuma yake. Kila alipogeuka hapakuwa na mtu.

Mara jembe likagonga kitu. Kah! Kitu kilivunjika chini ya ardhi, na ndani ya shimo ikatoka harufu ya jiko la zamani, kana kwamba mtu alikuwa amefunua chungu. Alifukua kwa mkono akatoa kigae cha udongo wa kuchoma. Kilikuwa na uso, macho mawili ya mviringo na mdomo wazi. Chini yake, ndani ya chungu kilichopasuka, ilikuwapo mifupa myembamba, mingi, kama vidole vya mtoto.

Alibeba gunia lake akakimbia bila kutazama nyuma. Alimwaga ule udongo kwenye mashina ya maboga, na uliobaki akautupa juu ya lundo la mboji. Hakumwambia mtu.

Asubuhi ya tatu mvua ilikuwa imenyesha na hewa ilikuwa baridi. Ivanilde alitoka na ufagio, akaganda mlangoni. Lundo lilikuwa linapumua. Mvuke mweupe ulitoka juu yake, ukapanda, ukasimama hewani kwa urefu wa mtu, kisha ukajikunja kuelekea nyumbani. Ufagio ulimponyoka.

"Bibi! Bibi, wamenifuata!"

Akaanguka magotini pa Bibi Filó, akasema yote: gunia, uso, mifupa ya mtoto. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono, akamwongoza hadi kwenye lundo, akausukuma mkono ule ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Bibi, linachoma!"

"Linachoma, ndiyo. Humo kuna wadudu wadogo wasioonekana, wanakula na kuozesha, na kazi yao inatoa joto. Lingefuka hata kama usingeiba. Lakini kwa kuwa umeiba, pakia gunia, twende."

Ivanilde alikwangua ule udongo mweusi kutoka kwenye lundo na kwenye mashina, wote alioweza. Bi Creuza aliwakuta wakipanda kilima. Alikuwa ameshaona shimo.

"Nilidhani ni kakakuona," alisema. "Kumbe kakakuona mwenyewe amevaa kandambili."

"Nisamehe, Bi Creuza. Nilikuibia udongo, na nimevunja kaburi la mtoto."

Mjane alishuka shimoni taratibu, akaokota mfupa mmoja, akaupuliza vumbi.

"Kula umekula samaki toka uote meno, na mwiba wake huujui? Huu ni wa tambaki. Hiki kilikuwa chungu cha jikoni. Tazama." Alivunja bonge la udongo. Ndani kulikuwa na vipande vya mkaa, miiba na vigae. "Wale walitupa hapa takataka za jikoni na mkaa, mwaka baada ya mwaka, mama kwa binti. Udongo huu haukuota wenyewe. Waliutengeneza."

"Kama lundo letu?"

"Kama lundo lenu. Ila wao hawakuwa na haraka kama wewe. Sasa fukia shimo langu."

Alilifukia, na kigae chenye uso akakirudisha mahali pake, kikitazama juu.

Tangu siku hiyo Ivanilde alifunika moto wake. Aligeuza lundo kila wiki, akaongeza miiba ya samaki, akalifunika kwa majani ya mnazi mvua isilioshe. Mikono ilimtoka malengelenge. Mwezi wa saba mboji ilikuwa imepoa, nyeusi, ikinukia kama msitu. Waliijaza katika mashimo matano, wakapanda maboga upya, na wakati wa kiangazi akawa anabeba maji toka mtoni asubuhi na jioni.

Mwezi wa kumi na moja Evandro alisimama mbele ya boga kubwa kiasi kwamba alilibeba kwa mikono miwili. Mengine manne yalikuwa bado yanakua. Aliinama, akachota udongo, akausugua kiganjani kwa muda mrefu.

"Mwambieni shemeji asitungoje," alisema hatimaye. "Mama, tuanze na shamba la muhogo. Nionyeshe kazi."

Ivanilde alilia, na hakuona haya.

Jioni hiyo walikula boga kwa samaki na unga wa muhogo. Bibi Filó alimkabidhi sahani ya miiba.

"Udongo wa wenzako ungekutosha mwezi mmoja tu, mjukuu wangu," alisema. "Ulioutengeneza kwa mikono yako utawatosha na wengine. Ndiyo maana nimekataa kuhama. Siku moja mtoto atachimba hapa, akute mkaa wetu na miiba yetu, aogope, ajiulize hawa walikuwa nani."

Ivanilde alienda kwenye lundo na sahani yake. Upepo ulikuwa umetulia. Alihisi mtu amesimama nyuma yake, mdogo, anamtazama. Safari hii hakugeuka. Alimwaga miiba, akaifunika vizuri kwa udongo.