Sauti ya Tano

Mwalimu wa darasa la kwanza, hata umpeleke likizo pwani ukamlaze mchangani na kofia usoni, atakuhesabu tu. Huyu wetu alikuwa amefundisha miaka ishirini na miwili na hajawahi kupoteza mtoto wa mtu. Kwa hiyo alasiri ile, walipofika mwanzo wa njia ya msituni nyuma ya nyumba waliyopanga, njia fupi yenye alama za bluu kwenye miti, aliipanga familia yake mstari mmoja.

"Haya, kila mtu ataje namba yake!"

"Moja," alisema mama mkwe wake huku akicheka. "Na uzee wangu wote huu!"

"Mbili," alisema mumewe, dereva wa lori, mtu asiyependa kutembea hata kwenda dukani.

"Tatu!" alipaza sauti binti yao, Kidoti, wa miaka saba. Wiki hiyo alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, na pengo lake aliwaonyesha hata wasiouliza.

"Nne," akamalizia Mwalimu.

"Tano."

Sauti ilitoka nyuma yake, pole pole, kama ya mtu mwenye adabu. Na Mwalimu, kwa mazoea tu, bila hata kugeuka, akajibu, "Vizuri, tano. Twendeni."

Alishapiga hatua tatu ndipo akashtuka. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya waridi iliyochanganyika na tope.

Mama mkwe akamshika mkono. "Mwanangu," alinong'ona, "umempokea nani?"

"Sijampokea mtu, Mama. Ni mwangwi."

"Mwangwi hauongezi namba."

"Basi turudi," alisema mumewe. "Mimi sikuja likizo kushindana na msitu."

Lakini Kidoti alikuwa ameshatimka mbele kutafuta vyura, na mtoto akishatimka, mzazi hana mjadala. Wakamfuata hadi kwenye bwawa, bwawa dogo tu, maji meusi, matete ng'ambo, na daraja la mbao la kusimama watu wanne. Walimkuta amesimama darajani. Vyura waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Namba!" alisema Mwalimu, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

"Moja." "Mbili." "Tatu." "Nne."

Wakasubiri. Kimya.

"Si unaona?" mumewe akashusha pumzi. "Kimeshaondoka, chochote kilichokuwa."

Mwalimu naye alitaka kucheka, moyo ulianza kumtulia, ila jicho likamrudia Kidoti, Kidoti ambaye tangu azaliwe hajawahi kusimama wima hata kwa kupigwa picha, na sasa alikuwa amesimama mikono ubavuni, nywele zikimchuruzika maji ilhali hakuna aliyemwona akiingia majini, akinukia waridi, na alipoona anatazamwa akatabasamu, akatabasamu kwa meno yote, yamepangana vizuri, hayana pengo hata moja.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Usimguse huyo."

Mumewe akaona. Akarudi nyuma nusura atumbukie. "Tukimbie! Tukamlete mganga!"

"Mpaka mganga apatikane, mwanangu atakuwa wapi?" Mwalimu aliogopa, tusidanganyane. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Mtoto wake! Miaka yote hiyo amerudisha watoto wa watu mikononi mwa mama zao, leo aondoke mikono mitupu? "Mimi ndiye niliyempokea. Mimi nitamfuta."

Akaweka mikono kiunoni, akatoa ile sauti inayofika mpaka uwanjani.

"Tunaanza upya! Anayesema anachuchumaa. Mama!"

"Moja," alisema mama mkwe, akachuchumaa.

"Mbili," alisema mumewe, akachuchumaa.

"Tatu," kikasema kile kitu kwa sauti ya Kidoti.

"Nyamaza! Tatu ina mwenyewe. Darasani kwangu hakuna kumwitikia mwenzio."

"Tatu," kikasema kwa sauti ya mumewe. Kisha kikasema tatu kwa sauti ya mama mzazi wa Mwalimu, aliyemzika miaka sita iliyopita, kikaisema kwa upole uleule wa kumwamsha alfajiri, na maji ya bwawa yakaanza kupanda juu ya mbao, yakamlowesha viatu, yakamfika vifundoni, baridi, yakivuta, na harufu ya waridi ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, naye hakusogea.

"Iga sauti uwezavyo," alisema. "Sikuandikishi. Kidoti! Mama anakuita. Namba yako!"

Matete ya ng'ambo yakatikisika. Kisauti chembamba kikatoka humo, kikipuliza upepo kwenye pengo.

"Tatu, mama!"

"Nne!" alipiga kelele Mwalimu, akachuchumaa.

Kilichobaki kimesimama kilikuwa peke yake. Kikawatazama mmoja mmoja, kama mtoto aliyekosa dawati. Kisha kikamwagika, maji matupu, kikapita katikati ya mbao. Vyura wakaanza tena. Baba alishakuwa ndani ya bwawa hadi kifuani, akimfuata bintiye.

Walifungasha jioni ileile. Garini hakuna aliyehesabiwa; Mwalimu aliwashika tu, mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kumshika Kidoti, alimfungua mdomo kwanza, aone pengo.

Jumatatu alirudi darasani. Watoto arobaini na mmoja walitaja namba zao, na Mwalimu akafika mwisho wa orodha, akainamia daftari kuandika.

"Arobaini na mbili."

Harufu ya waridi ikapita kati ya madawati. Watoto wa nyuma wakasogea karibu karibu.

Mwalimu hakuinua hata kichwa.

"Toka nje," alisema. "Na mlango uufunge."

Mlango ukafunguka. Ukakaa wazi kidogo, kama anayefikiria. Kisha ukafungwa, taratibu, kwa adabu.