Namba Kumi na Tisa Inaitika

Ilianza na kichwa cha treni cha buluu, mali ya daktari wa meno, kilichosimama katikati ya reli ya majaribio bila kuambiwa kisimame. Sindano akabonyeza rimoti tena. Kile kichwa, ambacho hakikuzidi urefu wa kiganja, kikabaki palepale taa zikiwaka, halafu kikatoa sauti ndogo, kavu, ya mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo.

Kho.

Sindano akaiweka rimoti mezani polepole. Kikohozi hicho alikijua, na mwenye nacho hakuwa tena duniani.

Watu walimwita Sindano kwa sababu ya vidole vyake vyembamba. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, meza moja ndefu chini ya dirisha, na wateja wake walikuwa watu wazima waliokataa kuacha michezo: madaktari, mahakimu, wastaafu wenye treni ndogo zinazozunguka vyumba vya wageni. Zamani ukiwasha umeme relini, kila kichwa kilichokuwa juu yake kiliondoka kwa pamoja kama kondoo. Dikoda ndiyo iliyoleta adabu. Ni kipande cha saketi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Unakipachika ndani ya kichwa, unakipa namba, na tangu hapo kichwa hicho kinaitika namba yake tu. Mkewe alikuwa akimtania kwamba angepata moja ya kumpachika yeye, huenda angeitika akiitwa kula.

Kuhusu kikohozi ilikuwa hivi. Mzee aliyemfundisha kulehemu, ambaye yeye na mtaa mzima walimwita Mwalimu, alikuwa na kichwa cheusi alichokiunda kwa mikono yake kwa bati la shaba, miaka mitatu. Ndani yake mlikuwa na gia ya nailoni yenye jino bovu, hivyo kila magurudumu yalipozunguka kilikohoa kidogo. Sindano alipojitolea kuibadilisha, Mwalimu alikataa. "Mwache," alisema. "Kila mtu na kikohozi chake."

Kisha presha ya macho ikampofusha. Hakulia sana. Aliendelea kuendesha treni zake kwa masikio, na siku moja akakileta kile kichwa cheusi karakanani, amekifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. "Mwanangu, mtie dikoda. Mpe namba kumi na tisa, tarehe niliyomwoa mama yenu. Nikimwita nitamjua kwa kukohoa."

Kabla ya kuunganisha dikoda, fundi hupima kwanza kama mota imetengwa na mwili wa chuma. Kazi ya dakika mbili. Mwalimu ndiye aliyemfundisha. Siku ile Sindano hakupima. Alikuwa na kazi nyingine inamngoja, na mkono uliozoea hujiona hauna haja ya kanuni. Alipowasha, moshi ukatoka, ukaja na harufu ya vanishi inayoungua. Mota ilikufa. Gia ya nailoni, ile yenye jino bovu, ikayeyuka kama nta.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, mtaa umenyamaza. Akabonyeza kumi na tisa. Akabonyeza tena na tena, jasho likimtiririka. "Itika," alinong'ona. "Itika basi. Hata kama ni shetani, itika."

Hakuna kilichoitika. Ndivyo alivyodhani.

Akauvua ule mwili wa shaba, akauvisha juu ya matumbo mapya ya kiwandani, na yale yaliyoungua akayafungia ndani ya kopo la biskuti chini ya meza. Kesho yake akapeleka mzigo. Mwalimu alikipapasa kichwa kuanzia bomba hadi mkia, akatabasamu. Akakiita kwa namba, kikaondoka. Kikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kama mafuta.

"Mwanangu," Mwalimu alisema, "hakohoi."

"Anakohoa, Mwalimu."

"Mimi simsikii."

"Anakohoa kama kawaida yake. Labda umechoka."

Mzee aliinamisha uso juu ya reli kwa muda mrefu. Aliposimama alisema kwa sauti ya chini tu, "Basi na masikio nayo yameniaga." Tangu siku hiyo hakuendesha tena treni. Ndani ya miezi mitano alizikwa, na Sindano alishika jeneza upande wa mbele.

Sasa kile cha buluu kilikuwa kimekohoa, saa saba mchana. Kesho yake, saa saba ileile, kikakohoa cha kijani cha hakimu. Sindano akamwuliza mkewe kama amesikia. Mkewe, aliyesimama mlangoni na kapu la nguo, akasema hakusikia kitu. "Ila nini kinaungua humu?"

Siku ya nne Sindano alizima umeme wote, akachomoa waya ukutani, akakaa na kungoja, akijiambia kwamba pasipo umeme hapana treni. Na ilipotimu saa saba kioo cha rimoti, ambayo betri zake alikuwa amezitoa na kuzitia mfukoni mwa shati, kikawaka chenyewe na kuandika kumi na tisa, na kwenye rafu vichwa vyote vya wateja, vile ambavyo havijapachikwa kitu na vile vilivyolala bila magurudumu, vikaanza kusafisha koo kimoja baada ya kingine, kutoka mwisho wa rafu kuja kwake, na harufu ya vanishi ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na chini ya meza, karibu kabisa na goti lake, kitu kikakwaruza ndani ya kopo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba mwenye nyumba yupo.

Mkewe alimkuta amekimbilia sebuleni, ameketi sakafuni na rimoti mkononi. Aliiona rimoti inawaka, akaziona betri mfukoni, na hakutaka maelezo zaidi. Jioni akamleta bibi mmoja, mganga, aliyekuwa mkunga zamani na bado alikuwa na macho ya mtu asiyeshangazwa na kitakachotoka.

Bibi alikaa karakanani peke yake karibu saa nzima. Alipotoka akamwuliza Sindano, "Ulimwita nani?"

"Sikumwita mtu, bibi."

"Maiti hakohoi, mwanangu. Huyu si mwalimu wako. Huyu ulimwita mwenyewe saa mbaya, akaja, akakuta una neno umelificha, akaingia humo. Sikiliza vizuri. Chukua hilo kopo, nenda kaburini, umwambie mzee ulilomfanyia, kwa sauti, kisha ulizike hapo. Na usimwambie mtu mwingine. Hata huyu mkeo asikuulize. Atakayelipokea neno lako ndiye atakayempokea yeye."

Asubuhi Sindano akaondoka na kopo kwapani. Njia ya makaburini ilipita nyumba ya Mwalimu, na hakuwa na jembe. Alijiambia kwamba anaingia kuazima jembe tu.

Mjane wa Mwalimu alifurahi kumwona. Alimkalisha chumba cha treni, akamletea maji, akafuta vumbi kwenye meza ya reli kwa upindo wa kanga. "Alikuwa anakusema kila siku," alisema. "Akisema, mimi macho yangu yamekwenda, lakini nina mikono ya Sindano."

Sindano alishika glasi. Angeweza kuomba jembe. Neno la bibi alikuwa nalo, jipya kabisa masikioni. Lakini kaburi lisingemjibu, na alichokitaka, kwa miezi saba, ni kinywa cha mtu hai kimwambie nimekusamehe. Akaiweka glasi chini, akasema yote: haraka yake, moshi, matumbo ya kiwandani, na lile neno, anakohoa.

Mikono ya mama ikaacha kufuta.

"Kumbe alikuwa anasikia," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Alikuwa anasikia sawasawa. Na mimi nilimwambia uzee umemfika masikioni. Nilikuwa napaza sauti kama naongea na kiziwi, baba wa watu, mpaka akaacha kunijibu." Alizungumza kama anayehesabu vyombo. "Nimekusamehe, mwanangu. Wewe ulimwambia mara moja. Mimi nilimwambia kila siku."

Wakati huo Sindano alihisi kopo limekuwa jepesi. Alipofungua, matumbo yaliyoungua yalikuwamo, baridi, chuma kitupu. Alikwenda nayo kaburini akayazika, akarudi nyumbani, na saa saba ikapita kimya. Alikula sahani mbili. Usiku alilala kama gogo, na haya ndiyo yaliyomtesa baadaye kuliko yote, kwamba alilala vizuri.

Siku ya tatu mama alimpigia simu. Hakulalamika. Alisema, "Mwanangu, ukipata nafasi, pita. Humu ndani kuna mtu anakohoa."

Alifika mbio, saa saba kasoro. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, mikono mapajani, anaitazama meza ya reli. Umeme ulikuwa umezimwa. Treni zote zilikuwa zimesimama. Chumba kilinuka vanishi iliyoungua.

Sindano akapiga magoti mbele ya meza. "Ni mimi niliyekuita," alisema kwa sauti ya chini, akiongea na hewa. "Huyu mama hakukuita. Turudi nyumbani. Tafadhali, turudi." Akangoja. Hakusikia kitu.

"Ndiyo huyo," mama alisema. "Anatokea kule dirishani, anakuja. Unamsikia?"

Sindano alitega sikio kwa nguvu zake zote, mpaka akasikia damu yake mwenyewe. Kulikuwa kimya. Mama alikuwa amemgeukia, anangoja, na kwenye uso wake kulikuwa na kitu alichokiona mara moja tu maishani, siku ile mzee alipoinama juu ya reli.

"Simsikii, mama," alisema. "Lakini yupo. Masikio yako ni mazima."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyepewa walau maji. Akamwonyesha kiti cha pili. Sindano akakivuta, akaketi karibu naye, na tangu siku hiyo hufunga karakana kila mchana na kwenda kuketi pale mpaka saa nane. Bibi mganga alipoelezwa alikataa kuja. Alisema yeye hutoa kilichoingia chenyewe, hatoi kilicholetwa.

Lakini siku ile ya kwanza walikaa bega kwa bega. Kisha mama akainamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

"Ameacha kukohoa," alisema.

Sindano akashusha pumzi.

"Sasa anacheka."