Mlango wa Nyuma wa Pijo

Mimi ni fundi. Fundi akisikia kelele hatafuti jini, anatafuta bolti iliyolegea. Miaka kumi na moja nimefungua injini za mitambo mikubwa ya mgodi hapa Nyamongo, mitambo ambayo tairi lake moja linamzidi mtu kimo, na sijawahi kukuta ndani yake kitu kisicho na jina. Nayasema haya mapema ili nisije nikaambiwa nilikuwa nimekunywa.

Jumamosi ile jua lilikuwa linaelekea kuzama, nami nilikuwa na safari ndogo tu. Niende Nyanungu, nichukue mlango wa nyuma wa gari langu, nirudi nile ugali.

Gari lenyewe ni Pijo 504, pikapu. Nililikuta kwenye boma la mjane mmoja aitwaye bibi Ghati, limesimama chini ya kibanda cha nyasi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Wenzangu kazini walinicheka mpaka wakachoka. Walisema Masele ni Msukuma wa ajabu, wenzake wananunua ng'ombe, yeye kanunua banda la kuku. Niliwaacha wacheke. Nilishusha injini mwenyewe, nikabadilisha ringi, nikasaga valvu, kabureta nikaisugua kwa mswaki mpaka ikang'aa. Kazi hiyo ilinichukua mwaka na miezi. Viti nilivishonea ngozi nyekundu, na nailoni yake sikuitoa. Anayepanda avue viatu. Ndiyo, hata mke wangu.

Mke wangu Teddy alikuwa na mimba ya miezi minane. Lile gari alikuwa akiliita "mke mwenzangu."

"Leo nakwenda na nyinyi," alisema jioni ile, kanga keshaitupia begani. "Nikibaki hapa nitajifungua peke yangu, wewe uko chini ya mwenzangu unampaka grisi."

"Basi vua viatu."

Alinitazama kidogo. Akavua.

Kilichobaki kwenye lile gari kilikuwa huo mlango wa nyuma wa bodi tu. Bibi Ghati aliniuzia gari bila mlango, na kila nilipouulizia alisema haupo, wakati mimi nilishauona kwa macho yangu, umeegemezwa nyuma ya ghala, uso umeelekezwa ukutani. Nilipachika ubao badala yake, na ule ubao ulikuwa unaniumiza kila nikiutazama. Wiki ile ndipo bibi akanipigia simu.

"Mura, njoo uuchukue," alisema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Sitaki nife ukiwa kwangu."

Tulifika jua limegusa vilima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakunitazama mimi. Alilitazama tumbo la Teddy. "Huyu anapanda wapi?"

"Mbele, bibi. Pamoja na mimi."

"Mbele. Ni vizuri." Akalirudia neno hilohilo kwa sauti ndogo. "Mbele. Sasa wewe, ulaze mlango wako bodini, uende. Usiufunge. Umesikia? Usiufunge leo."

Nikasema nimesikia. Akaingia ndani kumtafutia Teddy maziwa ya mgando.

Sasa niambieni ukweli. Umetafuta kitu mwaka mzima, umekipata, kiko mkononi, rangi yake ni ileile ya kiwandani chini ya vumbi, na bolti zake unazo mfukoni. Utakilaza? Nilifungua ubao nikautupa. Kwa ndani mlango ulikuwa na vibonyeo vidogo vidogo, vingi, vimekaa pamoja upande mmoja. Nilipitisha kiganja nikajisemea hivi nitavigonga kesho vinyooke. Nikaupachika, nikausukuma.

Kwap.

Ulikaa kama haukuwahi kutoka. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Bibi Ghati alitoka na kibuyu, akasimama pale uani akiutazama mlango. Kisha akakiweka kibuyu chini.

"Umeufunga."

"Umekaa vizuri, bibi. Njoo uone."

Hakuja. "Nendeni upesi," alisema. "Na ukisikia unaitwa njiani, mura, nyamaza. Si wewe unayeitwa."

Nilimwambia Teddy garini kwamba uzee una mambo yake. Teddy hakucheka. Maziwa hatukuyanywa.

Kutoka boma lile hadi kijito tulichokivuka tukija si mbali, kilomita moja hivi, barabara ya mawe. Giza lilikuwa linaingia. Nikawasha taa.

Ngo... ngo... ngo...

Nyuma.

Nikasema ni komeo. Nikashuka, nikakata kipande cha tyubu kuukuu, nikakibana kati ya mlango na bodi, nikatikisa. Haukucheza hata kidogo. Nikarudi kwenye usukani nikitamba kwamba hakuna kelele inayonishinda mimi.

Hatukufika mbali.

Ngo... ngo... ngo...

"Masele," Teddy alinong'ona, "mbona kunanuka mvua?"

Kweli. Tulikuwa katikati ya kiangazi, vumbi la barabara linafika kwenye kifundo cha mguu, lakini ndani ya gari kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine. Nilidhani ni chuma. Nikatamani iwe chuma.

Kisha tukaisikia.

"Baba..."

Sauti ya msichana. Dhaifu. Iko nyuma ya kioo, karibu na visogo vyetu.

"Baba... baba..."

Nilikanyaga breki. Wazo langu la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa, kwamba mtoto wa jirani amedandia. Nikashuka na tochi, nikamulika bodini.

Hapakuwa na mtu.

Bodi ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye upenyo wa mlango, tone kwa tone, yakiangukia vumbi kavu.

"Baba..."

Kutoka palepale nilipokuwa nikimulika.

Sijui nyie mngefanya nini. Mimi nilikuwa naogopa, na mtu mwoga hujitia ubabe. Tena sauti ile ilinichoma, maana mwanangu alikuwa njiani na mimi hakuna aliyewahi kuniita baba. Nikajibu.

"Mimi hapa, mwanangu. Nyamaza."

Kukawa kimya. Hata vyura wa kijitoni walinyamaza. Nikaona nimeweza, nikarudia kwa sauti ya juu zaidi, "Mimi hapa!"

Mlango ukapigwa kwa ndani.

Haukugongwa. Ulipigwa, kwa ngumi, mfululizo, gari zima likatikisika na taa zikazimika na injini ikafa. Ndani Teddy akapiga kelele.

Nilikimbia kwake. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, maji ya uzazi yamemwagika. "Tumbo," alisema. "Masele, bado mwezi mzima. Bado mwezi..."

Na hapa nitasema kitu ambacho kinanitia aibu hadi leo. Mke wangu analia, na jicho langu la kwanza lilikwenda kwenye ngozi nyekundu ya kiti.

Teddy aliliona hilo jicho.

Nilipiga stata. Ikazunguka bure. Nikafungua boneti, nikamulika. Moto upo. Mafuta yapo. Mimi ninayefufua mitambo ya watu nilisimama pale kama mwanafunzi, na kila sauti ile ilipoita "baba" mke wangu alijikunja. Simu haikuwa na mtandao. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote mbili ninazozijua.

Ndipo nikaona tochi ikija kwa nyuma, inayumba, mwanga mdogo wa njano. Bibi Ghati. Alikuwa ametufuata kwa miguu, kanga moja kiunoni, anahema.

"Umeitikia?"

"Nimeitikia, bibi. Kaniita baba."

Alifunga macho. "Wee Msukuma wee," alisema polepole. "Kwetu Wakurya, 'baba' maana yake ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Huyo hakuiti wewe. Ananiita mimi."

Nilishika ubavu wa gari.

Alisimulia akinong'ona, haraka haraka, mkono wake uko juu ya mlango. Binti yake Rhobi alishikwa na uchungu siku mbili, masika, mtoto hatoki. Machage, mume wa bibi na baba wa binti, ndiyo kwanza alikuwa ameleta gari hili, anafuta vumbi lake asubuhi na jioni. Hakutaka damu kwenye viti. Akamlaza binti bodini, kwenye mvua, akafunga mlango. Mama mtu, yaani bibi mwenyewe, akamwacha nyumbani, akasema uzito ukiongezeka gari litakwama.

"Walikwama hapahapa," alisema bibi Ghati. "Rhobi aliniita mpaka sauti ikaisha. Na Machage kakaa mbele pakavu, anamjibu. Alinieleza mwenyewe siku anakufa. Alikuwa anamwambia, 'Mimi hapa, mwanangu. Nyamaza.'"

Maneno yangu. Yaleyale.

"Fungua huu mlango," alisema bibi.

Nilivuta komeo. Mlango ukaanguka wazi, na ubaridi ukanipiga usoni. Bibi Ghati alipanda kwa shida, nikamsukuma, mwepesi yule, mifupa mitupu. Akakaa juu ya maji, akanyoosha miguu, akasema maneno machache ya Kikurya kuelekea gizani. Hayakuwa dua. Alikuwa akiongea jinsi mama anavyoongea na mtoto aliyemkuta na homa.

Kupiga kwa ngumi kukakoma.

"Washa," aliniambia. "Na huu mlango usiufunge."

Injini iliwaka mara moja.

Sijawahi kuendesha kama vile. Teddy alilala juu ya kile kiti, damu na maji vikimwagika, na mimi namwambia mwaga mke wangu, mwaga vyote, mradi ubaki. Tulifika kituo cha afya, muuguzi mmoja aitwaye Nice akampokea, mlango ukafungwa. Nilisimama nje nimeshika viatu vya Teddy mkononi. Sijui nilivitoa garini saa ngapi.

Mtoto alizaliwa. Wa kike, mdogo, lakini alilia kwa nguvu mpaka nikakaa chini palepale kwenye saruji nikalia naye. Teddy alikuwa hai. Tulimpa jina la Neema.

Nilimkumbuka bibi Ghati baadaye. Nikatoka. Alikuwa bado bodini, miguu ameinyoosha, mkono wake mmoja ukienda na kurudi hewani juu ya mapaja, taratibu.

"Bibi, shuka uingie ndani. Kuna baridi."

"Shii." Hakuinua uso. "Nitashukaje, na amelala? Nirudishe nyumbani. Polepole, mura. Barabara ina mashimo."

Nilimrudisha. Kila shimo nililikwepa. Sikutazama kioo hata mara moja, nilitazama barabara tu, na kwa mara ya kwanza tangu nimiliki lile gari sikusikia muungurumo wa injini yake. Nilikuwa nasikiliza nyuma. Pumzi tu. Nikajiambia ni za bibi.

Tukafika kijitoni.

"Tata..."

Haikuwa sauti ya kulia tena. Ilikuwa ya mtoto aliyezinduka usingizini, ametulia, anataka kujua nani yuko karibu.

Mdomo wangu ulishafunguka. Kiganja cha bibi Ghati kikapiga kioo.

"Usiitike!"

Nikauma ulimi. Sauti ikaita tena, kwa upole kabisa. Tulipovuka maji bibi akasema, kwa huruma nilivyomsikia mimi, "Ulimwambia upo. Ulimwambia mara mbili."

Sikumwuliza zaidi, na yeye hakueleza. Gari nililiacha pale bomani, ufunguo nikamkabidhi mkononi, nikarudi Nyamongo kwa bodaboda alfajiri. Watu wanasema nimerogwa, mtu atengeneze gari mwaka mzima kisha aligawe. Wengine wanasema mchana bibi Ghati hukaa bodini akichambua mboga na kuongea. Sijaenda kuhakikisha. Sina hamu ya gari lolote sasa, hata lenye viti vya dhahabu.

Neema ana miaka mitatu. Anacheza na watoto wa Kikurya wa mtaani, wakamfundisha kuniita tata, na Teddy aliona ni jambo zuri la kuchekesha. Lakini mtoto akiniita kutoka chumba kingine, siitiki. Akiniita kutoka uani, siitiki. Nainuka kimyakimya, nakwenda kumtazama kwanza, na mpaka nimfikie keshakata tamaa ameendelea na michezo yake. Teddy amenigombeza sana. Anasema nililipenda gari, sasa mwanangu mwenyewe namnyima hata neno moja. Ningemwambia nini? Nilijaribu kumweleza mara moja, akalia.

Mtoto naye ana akili. Aliita, akaita, akachoka. Siku hizi kila kitu anamwita mama yake, kiu, njaa, hata akianguka. Mimi haniiti tena kabisa.

Kwa hiyo magharibi nikiitwa, najua si yeye.